Mimina mfuko mezani: namna ya kuanza utafiti wa dawa kwa wazee jijini Nairobi

Faili la kliniki linaonyesha dawa nne. Mzee akiombwa aje na kila anachotumia nyumbani, na mfuko ukamiminwa mezani, zinatoka tisa. Mbili kati yake ni amlodipini, dawa ya presha, moja ya hospitali na nyingine ya kemisti yenye jina tofauti kwenye pakiti, naye humeza zote mbili kila asubuhi. Kuna bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa, imeandikwa "1x3" basi. Kuna vidonge vya maumivu alivyopewa na jirani, na chupa ya mwarobaini. Utafiti wa matumizi ya dawa kwa wazee umejengwa juu ya pengo hilo, kati ya kilichoandikwa na kinachomezwa.

Mwongozo huu ni wa mfamasia, mtaalamu wa dawa wa ngazi ya diploma anayerudi darasani, daktari au muuguzi anayetaka kujenga kazi ya chuoni juu ya pengo hilo, akianzia Nairobi. Fani hii haidai maabara yako mwenyewe. Inadai swali zuri, fomu nzuri na subira ya kukaa na mzee dakika arobaini bila kutazama simu.

Hatua ya 1: Chagua swali jembamba

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi wa uzamili ni kuandika pendekezo lenye kichwa kama "Matumizi ya dawa kwa wazee nchini Kenya". Hilo ni jina la idara nzima. Swali linalofanyika ndani ya miezi 18 lina watu gani, dawa gani, mahali gani na kipimo gani. Kwa mfano: miongoni mwa wazee wa miaka 60 na zaidi wanaohudhuria kliniki ya kisukari katika hospitali moja ya kaunti, ni wangapi wanatumia angalau dawa moja isiyowafaa kwa mujibu wa vigezo vya Beers, orodha ya Marekani ya dawa ambazo mzee hufaa kuziepuka?

Amua mapema mzee ni nani. Katiba ya Kenya, ibara ya 260, inamtaja mzee kuwa mtu aliyefikisha miaka 60. Vigezo vya Beers na vile vya STOPP/START, orodha ya dawa za kuacha na za kuanzisha, vimetungwa kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Ukichukua 60 utaulizwa na wahakiki wa nje. Ukichukua 65 utaulizwa na kamati ya hapa nyumbani. Njia nyepesi ni kusajili kuanzia 60, kisha kutoa matokeo ya 65 na zaidi katika jedwali lake.

Fikiria pia maswali mawili yatakayofuata, maana kazi ya chuoni hujengwa kwa mfululizo. Swali la kwanza ni wanameza nini, na hilo latosha uzamili. La pili ni kwa nini wanameza hivyo, na hapo unahoji wazee wenyewe, wanaowatunza, madaktari na wauzaji wa kemisti. La tatu ni nini kinaweza kubadilishwa, na nini kitatokea kikibadilishwa. Mtu mwenye maswali haya matatu juu ya mfuko uleule ana uzamivu mkononi. Mwenye makala kumi juu ya mada kumi ana orodha tu.

Hatua ya 2: Shahada, msimamizi, pesa

Nairobi na viunga vyake ina shule kadhaa za famasia: Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, JKUAT kule Juja na USIU-Africa. Kwa uzamili, angalia programu za famasia ya kliniki na zile za epidemiolojia ya dawa na ufuatiliaji wa usalama wa dawa. Usichague kwa jina la chuo. Chagua kwa msimamizi.

Unahitaji wasimamizi wawili wasiofanana: mmoja wa famasia ya kliniki anayeingia wodini, mwingine anayejua takwimu au tiba ya wazee. Kabla ya kumkubali mtu, soma makala zake tatu za mwisho, kisha muulize wanafunzi wake wangapi wamehitimu na kwa muda gani. Anayekwepa swali hilo amekwisha kukujibu.

Makubaliano ya uandishi yaandikwe siku ya kwanza. Majarida mengi hufuata masharti manne ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: kuchangia wazo au data kwa kiasi kikubwa, kuandika au kuhakiki maandishi, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Mkuu wa kliniki aliyekupa chumba tu anastahili shukrani mwishoni mwa makala. Ukiliacha hili hadi siku ya kutuma makala, utakuwa umechelewa, na utakuwa na majina tisa.

Kwa pesa za uzamivu, angalia CARTA, muungano wa mafunzo ya watafiti ambao sekretarieti yake iko APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, hapa Nairobi na ambao hulenga wafanyakazi wa vyuo wanachama, Chuo Kikuu cha Nairobi na Moi vikiwemo. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, hutoa ufadhili, na pia kuna Hazina ya Taifa ya Utafiti. Ngazi za ajira chuoni huanzia nafasi ya mwenye uzamili anayesomea uzamivu, kisha mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Bila uzamivu mlango wa mhadhiri ni mgumu kufunguka, kwa hiyo ukipata uzamili usikae kemisti miaka sita ukisubiri "wakati mzuri".

Hatua ya 3: Mahali na idadi

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina wagonjwa wengi wenye maradhi kadhaa kwa pamoja, lakini ni wa rufaa. Matokeo ya pale hayasemi lolote la uhakika kuhusu mzee wa Kayole anayetibiwa katika kituo cha karibu. Mbagathi na Mama Lucy Kibaki zinakupa picha iliyo karibu zaidi na mtaa. Ukitaka wazee ambao hawaendi hospitali kabisa, itabidi uende majumbani. Soma kwanza kazi za APHRC, ambayo tangu 2002 imefuatilia kaya za Korogocho na Viwandani.

Hesabu ya sampuli ya utafiti wa mara moja ni rahisi. Ukikadiria kuwa tatizo lipo kwa asilimia 50, kwa kuwa hujui, na ukitaka usahihi wa asilimia 5 kila upande, kanuni ya kawaida inatoa watu 385. Kliniki yenye wazee 600 tu kwenye rejista inakuruhusu kupunguza: 385 gawanya kwa 1 ongeza 384/600, sawa na 235. Tarajia mmoja katika kila kumi kukataa au kuacha katikati, kwa hiyo 235 gawanya kwa 0.9, yaani 262 baada ya kukweza juu.

Sasa pima kama inawezekana. Mahojiano kamili pamoja na kukagua mfuko huchukua dakika 35 hadi 45. Msaidizi mmoja aliyezoea humaliza wazee watano kwa siku ya kliniki, kwa sababu baada ya saa saba mchana wazee wengi wamechoka, hawajala, na wanataka kuwahi matatu kabla nauli haijapanda. Wasaidizi wawili, siku mbili za kliniki kwa wiki: wazee 20. Utahitaji wiki 14, ongeza mbili za mvua na migomo.

Usisajili wanaofika mapema tu. Wanaofika saa kumi na mbili asubuhi ni wenye nguvu au wenye mtu wa kuwaleta. Chukua kila wa tatu kwenye rejista ya siku hiyo, na umwandike yule aliyekataa pia: umri, jinsia na sababu.

Hatua ya 4: Vibali

Mpangilio ni huu, na hauruki ngazi:

1. Idara yako inapitisha pendekezo.
2. Kamati ya maadili iliyosajiliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inalikagua. Kwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Kenyatta ni kamati ya pamoja.
3. NACOSTI inatoa leseni ya utafiti kupitia mtandao, chini ya sheria ya sayansi ya 2013.
4. Kwa hospitali za kaunti, idara ya afya ya Kaunti ya Nairobi inatoa barua.
5. Uongozi wa hospitali unakubali, kisha msimamizi wa kliniki. Huyu wa mwisho hana muhuri mkubwa lakini ndiye anayekupa chumba.

Kwenye kalenda yako tenga miezi mitatu. Kinachorudisha mapendekezo mara nyingi ni vitu vidogo: fomu ya ridhaa ya Kiswahili haipo, au ipo lakini imetafsiriwa na mashine, haijaelezwa mzee asiyesoma atakubalije, haijaelezwa data zitahifadhiwa wapi. Kwa asiyesoma, fomu husomwa mbele ya shahidi asiye na maslahi, kisha kidole gumba. Kwa mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu, eleza nani atakubali kwa niaba yake na utafanya nini akikunja uso katikati ya mahojiano. Jibu sahihi ni kusimama, hata kama mwanawe ameshatia sahihi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka taarifa ya afya katika kundi la data nyeti. Jina na namba ya simu zikae kwenye karatasi moja, majibu kwenye nyingine, zikiunganishwa na namba ya siri tu. Picha za pakiti za dawa ni msaada mkubwa, ila hakikisha haionekani lebo yenye jina la mgonjwa.

Hatua ya 5: Fomu

Tumia KoboToolbox au REDCap, programu za kukusanyia data, kwenye tableti, ukiwa na nakala za karatasi kwa siku ambayo chaji imeisha. Kwa kila dawa rekodi: jina kwenye pakiti, jina la kiungo chake (dawa yenyewe iliyo ndani), nguvu, dozi iliyoandikwa, dozi anayotumia kweli, ilikotoka, bei aliyolipa, tarehe aliyoipata, idadi iliyobaki, na sababu anayoijua ya kuitumia. Safu ya mwisho hupuuzwa sana, na ndiyo yenye habari. Mzee asiyejua kidonge fulani ni cha nini ndiye wa kwanza kukiacha pesa zikipungua.

Andika tarehe ya mahojiano na namna ya malipo. NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa, ilipisha SHA, mamlaka ya afya ya jamii, Oktoba 2024, na data zilizochanganya vipindi viwili bila kuvitenga zitakupa majibu ya ajabu kuhusu gharama.

Kuhusu vipimo vilivyokwisha kutungwa, jihadhari na leseni. Kipimo cha Morisky cha maswali manane, kinachopima ufuataji wa dawa, kina haki miliki na hulipiwa. Kuna makala zilizoondolewa majaridani kwa sababu ya kukitumia bila ruhusa. Tafuta kingine, au omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kukusanya hata jibu moja. Kwa kumbukumbu, maswali ya kuhesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba humwadhibu mtu ambaye hakusoma. Kipimo kifupi cha IDEA kilitengenezwa kwa data za Tanzania na Nigeria kikiwalenga wazee wenye elimu ndogo, na kinafaa zaidi.

Tafsiri ifanywe na watu wawili, wa tatu arudishe kwenye lugha ya awali bila kuona ya kwanza, kisha mkae pamoja mlinganishe. Halafu peleka kwa wazee kumi waseme wameelewa nini. "Madhara ya dawa" wengi huelewa kuwa ni sumu, hivyo hujibu hapana. Uliza: "Tangu uanze dawa hii, kuna kitu mwilini kimebadilika?" Hapo ndipo utasikia miguu imevimba. Nairobi si Mombasa: wazee wengi wanakijua Kiswahili cha sokoni na ofisini, ila maumivu huyaeleza kwa Kikuyu, Kikamba, Kijaluo au Kiluhya. Ajiri wasaidizi kwa kuzingatia hilo.

Umri nao ni mtego. Miaka hurundikana kwenye 60, 65, 70. Angalia kitambulisho, na pale mashaka yanapobaki tumia kalenda ya matukio: alikuwa na umri gani wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, alikuwa darasani au ameshaolewa uhuru ulipokuja 1963?

Hatua ya 6: Mezani na mzee

Mpigie simu siku mbili kabla, na usiseme "leta dawa zako". Neno dawa kwake ni za hospitali tu. Taja moja moja: za hospitali, za kemisti, za kupaka, za macho, sindano, vitamini, za miti shamba, ulizobakiza za zamani, na ulizopewa na mtu. Mwambie asitupe hata bahasha tupu.

Msalimu, uliza ya nyumbani, mkalishe. Mwite mama au mzee. "Shosho" na "guka", yaani bibi na babu, ni matamu, lakini subiri ajiite mwenyewe. Msaidizi kijana anayemwita mgeni shosho dakika ya kwanza hupata majibu mafupi.

Mwaga kila kitu juu ya kitambaa cheupe, panga kwa safu. Kisha usiulize kama anatumia dawa kama alivyoagizwa. Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Sema hivi: "Mama, naomba unionyeshe ulivyokunywa dawa jana, tangu ulipoamka." Acha mikono yake ifanye kazi. Utaona kidonge kinakatwa nusu kwa kisu cha jikoni, utaona bahasha mbili zenye vidonge vyeupe vya ukubwa mmoja zikichanganyikana. Baada ya hapo: "Watu wengi dawa huwapita siku moja mbili, kwa sababu ya safari, pesa au kusahau. Wiki hii iliyopita, wewe imekutokea mara ngapi?"

Hesabu vidonge. Tuseme alipewa metformini 60 (dawa ya kisukari), moja asubuhi na moja jioni, siku 21 zilizopita. Alipaswa kumeza 42 na kubaki na 18. Umekuta 31. Amemeza 29, sawa na asilimia 69, chini ya asilimia 80 ambayo watafiti wengi huichukua kuwa mpaka. Lakini kabla ya kuandika, uliza kama alichanganya na zilizobaki mwezi jana, maana hilo pekee hugeuza hesabu. Ukipata zaidi ya asilimia 100 usifute. Huenda anamgawia mume wake, na hayo ni matokeo.

Vidonge vya bahasha isiyo na jina vipigwe picha pande zote mbili, alama zake ziandikwe, kisha mfamasia wa pili avitambue bila kuambiwa wa kwanza alisema nini. Visivyotambulika viandikwe hivyo hivyo, "havikutambulika". Kukisia ni kutunga data.

Uwe na utaratibu wa dharura ulioandikwa. Ukikuta mzee anameza dozi maradufu ya dawa ya sukari na anatokwa jasho, wewe si mtafiti tena kwa nusu saa hiyo: pima sukari, ita daktari. Madhara unayoyashuku yapelekwe Bodi ya Famasia na Sumu, kwa fomu ya manjano au kwa mfumo wao wa mtandaoni. Dawa yenyewe ikionekana na kasoro, ni fomu ya waridi.

Hatua ya 7: Kupima kama dawa inafaa

Hapa ndipo penye utaalamu, na ndipo tasnifu nyingi hulegea. Orodha mbili hutawala. Ya Beers ilianza Marekani mwaka 1991 na toleo la sasa la chama cha madaktari wa wazee ni la 2023. STOPP/START ilichapishwa Ireland mwaka 2008. Toleo la tatu, la 2023, lina vigezo 190, ambavyo 133 ni vya dawa za kuacha na 57 ni vya dawa zilizopaswa kuwepo. Ukiwa na faili zenye uchunguzi wa ugonjwa na majibu ya maabara, tumia STOPP/START. Ukiwa na orodha ya dawa tu, Beers itakufaa zaidi. Kuna pia MAI ya 1992, kipimo cha ufaaji wa dawa chenye maswali kumi kwa kila dawa. Ni nzuri lakini kwa dawa tisa ni maswali 90.

Kabla ya kuanza, pitisha orodha nzima dhidi ya orodha ya taifa ya dawa muhimu na ya zilizosajiliwa nchini. Vigezo vya dawa zisizouzwa hapa viondolewe, na uandike umeondoa vingapi. Usipofanya hivyo utaonekana umepima vitu ambavyo havikuwezekana kutokea.

Dawa zinazojitokeza sana katika mifuko ya Nairobi unaweza kuziandaa mapema. Glibenklamaidi, ambayo hushusha sukari kwa muda mrefu. Amitriptilini ya ganzi ya miguu kwa mgonjwa wa kisukari. Klofeniramini, yaani Piriton, ambayo kila mtu huidhania kuwa haina neno, kumbe kwa mzee huleta usingizi, kukauka mdomo, choo kigumu, mkojo kuziba na kuchanganyikiwa. Dayazepamu, dawa ya usingizi na wasiwasi. Na diklofenaki, dawa ya maumivu, hasa ikikutana na dawa za presha enalaprili na haidroklorothiazaidi: dawa hizo tatu kwa pamoja hubana figo kutoka pande tatu.

Tafuta pia mnyororo wa dawa. Amlodipini inavimbisha vifundo, kliniki nyingine inaongeza furosemaidi, dawa ya kukojoza, kwa uvimbe, potasiamu inashuka, kinaongezwa kidonge cha potasiamu. Kwenye orodha ni dawa tatu zenye sababu zake. Tarehe za kuanza ndizo zinazofichua, kwa hiyo zikusanye kutoka kwenye daftari la kliniki.

Sasa figo. Maabara zetu hutoa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kwa mikromoli kwa lita. Chukua mama wa miaka 78, kilo 52, kreatinini 110. Kwa kanuni ya Cockcroft-Gault ya kukadiria kazi ya figo: 140 toa 78, mara 52, mara 1.04, gawanya kwa 110. Jibu ni 30.5 mililita kwa dakika. Kwa kanuni nyingine, CKD-EPI ya 2021, mama huyohuyo anapata takriban 44. Kwa kanuni moja metformini inakaribia kusimamishwa, kwa nyingine inapunguzwa dozi. Hakuna kosa la hesabu hapo: ya kwanza inatumia uzito wake, ya pili inakadiria kwa mwili wa ukubwa wa kawaida, naye ni mwembamba. Taja kwenye mbinu umetumia ipi na kwa nini, na usibadilishe katikati. Mizani ya kliniki iwe imepimwa. Uzito wa kukisia huharibu kila kitu kinachofuata.

Wakaguzi wawe wawili, wakifanya kazi kila mmoja peke yake kwenye angalau moja ya tano ya rekodi, kama 53 kati ya 262. Pima maafikiano kwa kapa, kipimo kinachoondoa maafikiano ya bahati. Ikiwa chini ya 0.6, kaeni chini muandike upya maelezo ya vigezo, msisonge mbele.

Na uhesabu wa dawa nyingi: mpaka wa kawaida ni dawa tano au zaidi, lakini sema kama umehesabu mafuta ya kupaka, vitamini na miti shamba, na kama kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani ni moja au mbili. Sisi tungehesabu viungo kwa usalama na vidonge kwa mzigo wa kumeza, kisha tuonyeshe vyote viwili.

Hatua ya 8: Takwimu

Kwa kifupi. Tatizo likiwa kwa watu wengi, uwiano wa nafasi (odds ratio) hukuza mambo. Kundi moja lina asilimia 60, lingine 40: uwiano wa viwango ni 1.5, uwiano wa nafasi ni 2.25, na msomaji ataelewa kuwa hatari imezidi mara mbili. Tumia regresheni ya Poisson yenye makosa imara (robust standard errors), inayotoa uwiano wa viwango. Usiingize vigezo ishirini kwenye modeli yenye matukio 80. Na usiseme dawa nyingi "zinasababisha" kuanguka kwa data za siku moja. Wagonjwa zaidi hupewa dawa zaidi, na wagonjwa zaidi huanguka zaidi.

Hatua ya 9: Kutoka kupima hadi kubadilisha

Baada ya makala ya kwanza utashawishika kurukia jaribio: mfamasia apitie dawa za wazee, tuone kama watalazwa mara chache. Soma kwanza HOMER, jaribio la Uingereza lililochapishwa 2005. Wafamasia walitembelea majumbani wazee wa zaidi ya miaka 80 waliotoka hospitali, na waliotembelewa wakalazwa zaidi, si chini. Soma pia SENATOR, ambamo programu ya kompyuta iliwashauri madaktari wa hospitali za Ulaya kwa vigezo vya STOPP/START, na madhara ya dawa hayakupungua. Mapendekezo mengi hayakufuatwa.

Kwa hiyo kabla ya jaribio fanya kazi ya katikati. Hoji wazee, watunzaji, madaktari na wauza dawa, kama watu 15 hadi 20 kwa kila kundi, mpaka majibu yaanze kujirudia. Jua nani hasa ana mamlaka ya kuondoa dawa. Mfamasia akipendekeza na daktari wa zamu akaogopa kufuta dawa iliyoanzishwa na bingwa, utakuwa umepima woga. Chagua kipimo ambacho mzee mwenyewe angekijali: kuanguka, usingizi wa mchana, pesa za dawa kwa mwezi.

Makala ipangwe kwa STROBE, mwongozo wa kuripoti tafiti za uchunguzi, na jarida likaguliwe kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria, kabla ya kulipa chochote. Barua pepe inayokuita "mtafiti mashuhuri" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ifute. Lipo jarida la sayansi ya famasia la Afrika Mashariki na Kati linalotoka hapa Nairobi, linafaa kwa matokeo yanayowahusu watu wa hapa.

Kabla ya kutetea tasnifu, rudi kliniki na karatasi moja ya A4, pande zote mbili. Upande wa mbele dawa tatu zilizoonekana sana, tatizo la kila moja na mbadala uliopo kwenye famasia ya hospitali hiyohiyo. Upande wa nyuma, jedwali la figo lililokwisha kuhesabiwa kwa umri, uzito na kreatinini, ili daktari mwenye wagonjwa sitini asilazimike kutoa simu. Ibandike kwa selotepu pale anapoandikia dawa, kwa idhini ya msimamizi wa kliniki, na baada ya mwezi mmoja pita uone kama bado ipo.